Mstari wa Adhuhuri

Jumatatu, 2 Septemba 1974

Mwalimu Hemedi ametugawia daftari sisi wa darasa la saba. Amesema tuandike kila siku mpaka mtihani, hata sentensi moja, ili mkono uzoee na kichwa kisiogope. Naanza.

Naitwa Siwema. Nakaa Mikoroshini, kijiji cha ujamaa upande wa kaskazini wa Mafia. Zamani kila mtu alikaa kwenye minazi yake. Mwaka jana tulihamia barabarani, nyumba zikapangwa mistari miwili kama wanafunzi kwenye paredi. Minazi haikuhama. Imebaki kule kule, na nazi zote lazima ziletwe huku kwa trekta, zifuliwe, zipasuliwe, zikaushwe ziwe mbata, kisha zipelekwe Kilindoni kusubiri meli.

Trekta tunashirikiana na vijiji viwili. Zamu yetu ni Jumatatu na Jumanne. Wakwezi wakichelewa kuangua, tela halijai. Tela lisipojaa, wanawake hawana cha kufua. Wasipofua, tanuri linapoa. Kwa sababu hiyo Mwenyekiti ametaka zamu zote ziandikwe kwenye ubao mkubwa ukutani mwa ofisi, na amenichagua mimi niandike kwa kuwa hati yangu inasomeka kutoka barabarani.

Mwenyekiti ni Baba Mkubwa Muhidini, kaka yake baba. Baba yangu yuko Tanga kwenye mkonge, kwa hiyo Baba Mkubwa ndiye mwenye neno nyumbani kwetu. Leo nilipomaliza kuandika alirudi nyuma mpaka katikati ya barabara, akasoma kwa sauti kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Sasa hiki ni kijiji." Nilijisikia mrefu.

Alhamisi, 5 Septemba

Hesabu za sehemu. Kisha kubeba maji ya shule.

Jumanne, 10 Septemba

Tarehe ya mtihani imekuja. Alhamisi na Ijumaa, tarehe 10 na 11 Oktoba, Kilindoni. Shule yetu haijawahi kuwa na darasa la saba, sisi ndio wa kwanza. Wavulana ni wengi, wasichana ni watatu: mimi, Biubwa na Mwanahalima. Mwalimu Hemedi amesema anayefaulu ataenda sekondari bara, na serikali itamsomesha. Alitutazama sisi watatu alipokuwa akisema. Baadaye Biubwa aliniambia, "Alitutazama kama mtu anayepanda mbegu mahali penye kuku."

Tutapelekwa na trekta Jumatano tarehe 9. Shaibu, dereva wetu, amekubali kuomba siku moja kwa wale wa kijiji cha pili. "Nitawapeleka polepole," alisema, "elimu isije ikamwagika njiani."

Usiku nilimwambia mama. Mama anasuka ukili wa mikeka kila anapokaa, hata akiongea na mtu, na vidole vyake havikusimama. Aliuliza tu, "Kuna kulala huko?"

"Ndiyo. Shuleni."

"Utachukua mkeka ule mdogo."

Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa yangu.

Jumatatu, 16 Septemba

Tela lilijaa mara mbili leo. Baba Mkubwa ameahidi ofisi ya Kilindoni shehena nzima kwa meli ya tarehe 12 Oktoba. Kijiji kisichotimiza kitanyang'anywa zamu ya trekta, kipewe kingine. Alilisema jambo hili mbele ya ofisi akiwa amekunja mikono. Bila trekta sisi ni watu wa barabarani wasio na minazi.

Jumatano, 18 Septemba

Mwezi umeandama. Tumefunga.

Jumamosi, 21 Septemba

Trekta limevunjika kule kijiji cha pili. Shaibu amerudi kwa miguu, mikono imejaa grisi.

Jumanne, 24 Septemba

Leo ilikuwa zamu yetu na ubao unasema hivyo, lakini hakuna trekta. Kipuri lazima kije kutoka Dar es Salaam, na hakuna anayejua lini. Wakwezi wawili waliotoka bara wamekwenda kwao kufunga na jamaa zao, hawakuaga. Waliobaki wanapanda asubuhi tu, kwani kuparamia mnazi na kiu ya saa tisa ni kujitafutia msiba.

Baba Mkubwa aliniita nifute, niandike upya. Nilifuta nikaandika. Jioni aliniita tena. Nazi sasa zinabebwa vichwani kwa mapakacha, kwa hiyo zinakuja chache chache na hazina siku maalumu. Mkono wangu umejaa chaki mpaka kwenye kiwiko. Baba Mkubwa anaamini kuwa tukipata mpango ulio sawasawa trekta litaona haya na kutengemaa lenyewe. Mimi pia niliamini kidogo.

Jumatano, 25 Septemba

Mvua. Si manyunyu, ni mvua ya kweli, mwezi mzima kabla ya vuli.

Ilianza wakati watu wamelala usingizi wa baada ya adhuhuri. Mbata zote zilizoanikwa juani zilikuwa nje, uwanja mzima mweupe. Mama alitoka akiwa amejifunga kanga ya kulalia, akapiga kelele nyumba hadi nyumba. Tulikimbia na majamvi, mapakacha, masinia, hata mlango wa choo cha Bi Mwanasha uling'olewa ukatumika kufunika. Shaibu alikuwa akikusanya mbata kwenye shati lake huku akiliambia wingu, "Ungesubiri futari tu, ndugu yangu, tungekukaribisha." Tuliokoa nyingi, lakini zimelowa. Mbata iliyolowa ikikaa siku mbili inaota ukungu, na mbata yenye ukungu hainunuliwi.

Kwa hiyo hakuna jua tena. Kila kitu lazima kipite kwenye tanuri.

Niandike tanuri lilivyo, kwa sababu Mwalimu anasema msomaji asiachwe njiani. Ni kibanda kirefu cha makuti. Ndani kuna chanja ya miti, mbata zinatandazwa juu, na chini yake shimo la moto wa vifuu. Moto uwe mdogo na usizimike. Ukiwa mkubwa, mbata zinaungua. Ukizimika, zinatoa jasho. Kwa hiyo lazima awepo mtu daima wa kulisha vifuu kimoja kimoja, na mtu huyo, kwa desturi mwanamke, anakaa ndani ya moshi na joto.

Baba Mkubwa amepanga zamu za tanuri kama za ofisi: saa moja mpaka saa nane, saa nane mpaka saa tatu usiku, kisha makaa yafukiwe kwa jivu mpaka asubuhi. Niliandika.

Alhamisi, 26 Septemba

Saa saba mchana Bi Mwanasha alizirai tanurini. Alikuwa amefunga. Walimtoa wakamlaza chini ya upenu wa ofisi, wakamwagia maji kichwani. Moto ulizimika, na hakuna aliyekubali kuingia.

Baba Mkubwa alikuja akatazama ubao, akatazama tanuri, kisha ubao tena. "Imeandikwa," alisema.

"Na yeye ameandikwa, Mwenyekiti," alijibu mama. "Angekufa kwa hati nzuri."

Ijumaa, 27 Septemba

Leo nimefanya kosa, na nitaliandika lote.

Jana usiku nilikaa na kalamu nikafikiri. Siku yetu haiendi kwa saa za ofisi. Inakatwa na swala. Basi nikapanga zamu tano: alfajiri, asubuhi, adhuhuri, alasiri, na baada ya futari. Zamu fupi, watu wengi. Niliona ni nzuri. Baba Mkubwa alisoma akasema ni nzuri pia, kisha akaweka kidole kwenye mstari wa adhuhuri. "Hapa ndipo penye kazi. Nani anaweza kukaa motoni saa saba na swaumu?"

Nikajibu haraka, kama darasani, "Wasiofunga."

Maana wapo. Kila mwanamke ana siku zake ambazo hafungi, atazilipa baadaye, ni sheria, hakuna dhambi. Mwenye ruhusa hiyo anaweza kunywa maji, anaweza kukaa motoni. Niliona nimepata jibu la hesabu ngumu. Nikaandika kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka barabarani: ADHUHURI — WASIOFUNGA.

Adhuhuri ilipofika hakuna mtu hata mmoja aliyekwenda tanurini. Na angekwenda nani? Atakayeonekana akiingia, kijiji kizima kitajua kuwa leo hafungi na kwa nini. Wavulana walikaa kwenye kigogo mkabala wakingoja kuona. Mmoja aliuliza kwa sauti, "Leo zamu ya nani, jamani?" na wenzake wakacheka.

Mama alipita na ndoo. Alisoma ubao. Alishika ncha ya kanga yake akafuta mstari ule, neno kwa neno, bila haraka, kisha akanigeukia. "Mwanangu, yapo mambo tunayajua sote, na ndiyo maana hayaandikwi."

Moto tuliuwasha tena alasiri. Chanja nzima imeanza kunuka.

Biubwa hakuongea nami mpaka futari. Kisha alisema, "Ungeandika na majina kabisa," nikajua amenisamehe kidogo.

Jumapili, 29 Septemba

Mstari wa adhuhuri ulikuwa mtupu jana na leo. Moto umezimika siku zote mbili, saa zile zile.

Jioni Baba Mkubwa aliniita. Wajumbe wa kamati walikuwa wameketi barazani wakingoja adhana. Nilisema, "Shikamoo Baba Mkubwa."

"Marahaba. Chukua chaki. Mstari mtupu ni mstari wa uvivu. Andika hapo: wasichana wa darasa la saba. Kuanzia kesho mpaka meli itakapokuja."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mpaka tarehe 12?"

"Mpaka meli itakapokuja."

"Mtihani ni tarehe 10 na 11, Baba Mkubwa."

"Wavulana watakwenda. Watakiwakilisha kijiji." Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma. "Ninyi bado watoto. Swaumu yenu ni ya kujifunza, ikiwashinda mtafungua. Na mwisho wa yote mtaolewa hapa hapa. Tanuri hili ni lenu zaidi kuliko Kilindoni."

Kwa hesabu ya swaumu sisi si watoto tena, na anajua, maana alikula pilau kwenye ngoma yangu ya kuvunja ungo.

Nilikuwa na chaki mkononi. Mkono uliinuka wenyewe kwa mazoea, ukafika kwenye ubao. Nikaona jina langu kabla sijaliandika. Nikashusha mkono nikaiweka chaki chini, kwenye kizingiti cha dirisha, taratibu isivunjike.

"Sitaandika, Baba Mkubwa."

Mjumbe mmoja alikohoa. Baba Mkubwa alinitazama kama mtu aliyeitwa na mbuzi wake. "Unasemaje?"

"Zamu zote nitaandika. Hii sitaandika."

Aliiokota chaki akaandika mwenyewe. Hati yake inapanda juu kama ngalawa kwenye wimbi: Siwema, Biubwa, Mwanahalima. Kisha adhana ikalia, na wote wakanyoosha mkono kwenye tende kana kwamba hapakuwa na jambo.

Usiku umeenda na bado naandika. Sijui kama ni hofu. Nadhani siyo.

Jumatatu, 30 Septemba

Hatukwenda tanurini. Tulikwenda shule.

Jumanne, 1 Oktoba

Hatukwenda.

Baba Mkubwa alikuja shuleni mwenyewe. Tulimsikia nje na Mwalimu Hemedi.

"Elimu ya kujitegemea, Mwalimu. Si ndiyo mnayofundisha? Kazi ni masomo."

"Ndiyo, Ndugu Mwenyekiti." Mwalimu anaongea taratibu sana, mtu hudhani anaogopa. "Watafanya kazi. Wote. Wavulana pia, kila asubuhi kabla ya kuhesabu namba paredi. Lakini siwezi kupeleka nusu ya darasa kwenye mtihani nikaiita darasa."

"Wasichana watatu si nusu."

"Kwangu ni nusu."

Baba Mkubwa aliondoka bila kuaga. Mwalimu aliingia, akachukua chaki, akasimama ubaoni muda mrefu bila kuandika chochote. Nilimwelewa.

Jumatano, 2 Oktoba

Mvua. Baba Mkubwa ametuma salamu kuwa hataleta samaki wa futari mpaka "adabu irudi." Tumefuturu muhogo na chai. Mama alisema ni muhogo mzuri.

Alhamisi, 3 Oktoba

Leo nilikaa na mama barazani, mvua inanyesha, kila mmoja na ukili wake. Yeye alikuwa na mkeka wa kushona kwa ajili ya Idi. Wanawake wa mstari wetu wa nyumba wamechanga kili: Bi Mwanasha amesuka wa njano, mama yake Biubwa wa zambarau, mwingine mweupe mtupu, kila mtu kwa nafasi yake, mwingine akisubiri maji yachemke, mwingine akinyonyesha. Mama anaziunganisha kwa sindano. Ukitazama mkeka uliokwisha huwezi kujua nani alisuka wapi na alikuwa na nafasi kiasi gani.

Nilitazama mpaka ukili wangu ukalegea.

"Unasuka au unaota?" aliuliza mama.

"Mama, adhuhuri ni ndefu mno kwa mtu mmoja."

"Hilo Bi Mwanasha amekuambia kwa kuanguka."

"Si kwa mtu mmoja. Kama kila mwanamke angekwenda kwa kitambo kidogo tu. Muda wa kulisha vifuu pakacha moja, kisha anatoka anaingia mwingine. Wote. Wanaofunga na wasiofunga. Aliyefunga anaweza kuvumilia kitambo kidogo. Asiyefunga akakaa zaidi, na nani atajua? Wote wameingia, wote wametoka."

Sindano ilisimama. Sijawahi kuona sindano ya mama ikisimama.

"Na ubaoni utaandika nini?"

"Hakuna. Nitaacha mtupu."

Mama alicheka. Alicheka kimya kimya, mabega yakitikisika, mpaka akajifuta macho. Kisha akavaa kanga ya pili na kwenda mvuani, nyumba hadi nyumba, kama siku ile ya mbata. Safari hii hakupiga kelele.

Jumamosi, 5 Oktoba

Jana na leo adhuhuri moto haukuzimika.

Walikwenda mmoja mmoja, kila mmoja kajifunika kanga mpaka puani. Ukikaa kwenye kigogo cha wavulana unaona kanga inaingia, kanga inatoka. Wavulana walichoka kuhesabu wakaenda kucheza mpira. Mimi niliingia, Biubwa aliingia, mama aliingia. Ndani kulikuwa na mtungi wa maji umefunikwa kwa kifuu, na hakuna aliyeutazama wala aliyeacha kuutazama. Zilizoota ukungu tumezitupa na harufu imeondoka. Mbata za juu zimeanza kugonga kama mbao ukizigusa.

Lakini majina yetu matatu bado yako ubaoni, na wavulana tayari wanafunga mizigo yao.

Jumapili, 6 Oktoba

Mkutano wa kijiji, baada ya alasiri.

Baba Mkubwa alisimama akashukuru wasichana wa darasa la saba kwa kazi ya adhuhuri. Alidhani ni sisi peke yetu. Alisoma majina yetu kutoka ubaoni, watu wakapiga makofi, na sisi tulikuwa tumekaa pale pale mbele yake, tulioingia kwa kitambo kidogo tu kama wengine.

Mama akasimama. Mama hasemi mikutanoni.

"Shemeji, hao hawakuwa peke yao."

"Nani mwingine?"

"Wapo."

"Nani, shemeji? Niwaandike. Watu wanaofanya kazi waandikwe."

"Hawaandikwi. Na meli yako watakujazia. Lakini tumekubaliana jambo sisi wanawake, sote, kuanzia nyumba ya kwanza mpaka ya mwisho. Majina ya watoto yafutwe leo, waende mtihani. Yasipofutwa, adhuhuri hatuingii. Na alfajiri hatuingii. Na alasiri hatuingii. Wewe una ubao, utakaa nao."

"Mnagomea ujamaa?"

"Tunaufanya," alisema Bi Mwanasha kutoka chini alipoketi, sauti bado dhaifu. "Wewe hatujakuona tanurini tangu moto uwashwe."

Kicheko kilianzia kwa wazee. Shaibu, ambaye hana trekta kwa hiyo hana cha kupoteza, alisema, "Ndugu Mwenyekiti, watoto wakiwa Kilindoni, ninyi kamati fanyeni mtihani wenu tanurini siku hizo mbili. Sisi wengine tutawasahihisha."

Baba Mkubwa hakucheka. Alikusanya makaratasi yake na mkutano ukaisha bila kufungwa.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimekwenda kwenye ubao asubuhi, kabla ya namba, kabla ofisi haijafunguliwa. Chaki ilikuwa pale kizingitini. Nilifuta majina yetu. Mstari wa adhuhuri niliuacha mtupu. Kisha kwenye Alhamisi na Ijumaa, zamu ya alasiri, ambayo ilikuwa ya mama na ya mama yake Biubwa, na kwa kuwa wote wawili wangetusindikiza njiani Jumatano na kurudi wamechoka, niliandika kwa hati yangu bora: Muhidini Matano, Mwenyekiti. Na chini yake wajumbe, kwa mpangilio wa umri.

Sikukimbia. Nilitaka kukimbia lakini sikukimbia. Nilikaa kwenye kigogo.

Alikuja akiwa na funguo mkononi. Nilisimama, nikamwamkia. Hakuitika. Alirudi nyuma mpaka katikati ya barabara kama alivyofanya siku ya kwanza, akasoma kuanzia juu mpaka chini. Midomo yake ilikuwa inasogea. Alipofika Alhamisi midomo ikasimama.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Nilikuwa nimepanga na majibu.

"Alasiri ya Alhamisi nina kikao," alisema. "Niweke alfajiri."

Nilifuta nikamweka alfajiri.

"Marahaba," akasema, akafungua mlango wa ofisi.

Jumatano, 9 Oktoba

Tumetoka na giza la daku, kwa miguu. Shaibu ametusindikiza, maana kipuri kimepakiwa na yeye anakwenda kukipokea bandarini. Kwenye kila kilima alinguruma na kubadilisha gia kwa mkono hewani, na kwenye mteremko akapiga breki. Biubwa alimwambia trekta lake linatumia mate mengi kwa mtu aliyefunga. Mama na mama yake Biubwa walifika nasi mpaka mtoni, na mama akaniwekea mkeka mdogo begani. Si ule wa zamani, huu ni mpya wa rangi tatu, nilitambua ukili wa njano wa Bi Mwanasha. Hakusema kitu ila, "Usiharakishe."

Tumelala shuleni Kilindoni. Taa ya karabai. Mwanahalima anasoma jiografia kwa sauti hata usingizini.

Alhamisi, 10 Oktoba

Kiswahili na hesabu. Hesabu ya sita ilikuwa ya watu wanaomaliza kazi kwa siku kadhaa na wawili wakiugua. Nilitabasamu mpaka msimamizi akanitazama.

Ijumaa, 11 Oktoba

Maarifa. Nimemaliza kabla ya muda na nikarudia kusoma. Sikuharakisha.

Jumapili, 13 Oktoba

Tumerudi juu ya tela. Shaibu alifunga kipuri Ijumaa usiku, akapakia alfajiri ya Jumamosi, akafika Kilindoni meli ikiwa bado inapakia. Shehena haikutimia. Ilipungua, na aliyepokea alilisema hilo mbele ya watu. Lakini alivunja mbata kutoka kila gunia na zote zilivunjika kwa mlio, hakuna hata moja yenye ukungu. Alisema ataandika hivyo vyote viwili, upungufu na ubora. Trekta bado ni letu mpaka wakubwa wa ofisi ya Kilindoni wakutane tena. Wakiamua kulichukua, nimeshajua jinsi ya kupanga watu wasio na trekta.

Nilipita kwa Baba Mkubwa kumwamkia, kwa kuwa ndiyo adabu, na kwa kuwa nilitaka. Alikuwa amekaa barazani, macho mekundu ya moshi, nyusi moja imebabuka kidogo.

"Marahaba. Umeweza?"

"Nadhani."

"Hm." Alijikuna nyusi. "Moto ule haupendi mtu. Ukiupa vifuu viwili unakasirika, ukiupa kimoja unanuna." Akafikicha macho. "Alfajiri tu, na nilitoka jasho. Adhuhuri ikoje?"

Sidhani aliniuliza mimi.

Jioni alituma samaki. Changu wawili wakubwa.

Alhamisi, 17 Oktoba

Idi. Mkeka mpya umetandikwa. Nimekaa kwenye zambarau.

Jumatatu, 21 Oktoba

Majibu yatakuja karibu na mwisho wa mwaka. Mwalimu Hemedi amesema tuendelee kuandika, lakini daftari limebakiza ukurasa huu mmoja.

Vuli ya kweli imeanza. Mbata zote bado zinapita tanurini, na swaumu imekwisha, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kuandikwa saa yoyote. Leo nilipokuwa nikipanga zamu za juma, Baba Mkubwa alisimama nyuma yangu na karani mgeni kutoka Kilindoni, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, aliyekuja kutazama jinsi tunavyofanya. Nilijaza alfajiri, nikajaza asubuhi. Nilipofika adhuhuri mkono ulisita, kisha nikauruka mstari nikaendelea na alasiri. Wanawake wenyewe wameomba ubaki hivyo. Wameuzoea.

"Hapa pamesahauliwa," alisema karani. "Adhuhuri hakuna mtu."

Nilimtazama Baba Mkubwa. Aliutazama ule mstari mtupu, mikono nyuma.

"Wapo," alisema, akamwongoza mgeni kwenda kuona trekta.